Viwashio vya moto kwa makapi ya mawese

Ninauza chai na maandazi hapa Ujiji. Saa kumi na moja alfajiri moto lazima uwe umewaka, hata kama mvua imenyesha usiku kucha. Zamani nilikuwa namwagia kuni mafuta ya taa. Siku moja nilidhani makaa ya jana yamekufa, nikamimina, moto ukaruka na kushika upindo wa kitenge changu. Kovu ninalo mguuni mpaka leo. Nailoni na malapa mabovu nayo siwashii. Moshi wake ni sumu kwa kifua, na chai inanuka.

Sasa natumia makapi ya mawese. Nenda kwa mwenye mashine ya kukamua chikichi, utayakuta yamelundikana: nyuzinyuzi nyekundu zinazobaki baada ya mawese kutoka. Mashine haimalizi mafuta yote, na hayo yaliyobaki ndiyo yanayoshika moto haraka. Mimi kiroba kimoja napewa kwa shilingi 1,000, siku nyingine bure. Omba yaliyokamuliwa leo au jana, kwa sababu yaliyolala kwenye lundo huota ukungu.

Yachambue, toa mise zote, yaani zile mbegu ngumu za chikichi, uziweke pembeni, kisha tandaza makapi juani. Jua kali, siku mbili. Mawingu, siku nne au tano, na uwe unageuza. Finya konzi moja halafu achia. Yakifumuka yenyewe yamekauka, yakibaki bonge bado. Hapa usiwe na haraka, maana makapi yenye maji yatakutoa machozi na moto hutauona.

Tafuta maganda ya mahindi, yale laini ya ndani, makavu. Chukua makapi kiasi cha yai la kuku, changanya na maranda kidogo kutoka kwa fundi seremala, vingirisha ndani ya ganda na ulifunge kwa ukanda wa ganda lenyewe. Acha mkia wa urefu wa kidole, huo ndio utambi. Usikaze. Dada yangu alikaza vyake kama anafunga mzigo wa safari, vikawa vinafuka tu, kwa sababu hewa haipiti. Kiroba kimoja kinanifikisha miezi miwili na zaidi.

Kwa msimu wa mvua, kuanzia Novemba, naongeza nta. Vipande vya mishumaa vinatosha, au nta ya nyuki ukiwa na ndugu anayerina asali. Weka nta kwenye kopo, kopo ulisimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanatosha kabisa. Tafadhali usiweke kopo moja kwa moja motoni: nta ikizidi joto hushika moto, na ukiimwagia maji italipuka ikurukie. Chovya upande wa mkia tu, uache ukauke.

Kukoka sasa. Toa majivu ya jana ili hewa ipite chini. Weka kiwashio katikati ya mafiga, vibanzi vyembamba vitano au sita vikiegemeana juu yake, kisha washa mkia. Usipulize mpaka vibanzi vishike. Kuni nene zifuate baadaye, mbili kwanza, na ziwe zimelala ndani tangu jana. Kuni mbichi hakuna kiwashio kitakachoziokoa.

Zile mise usitupe. Zipasue, kokwa uwauzie wanaokamua mafuta ya sabuni, na vifuu viwe vyako. Moto ukishakolea tupia konzi moja, vinatoa joto kali la kukaangia maandazi. Michikichi yetu ya zamani, dura, ina kifuu kinene na nyama nyembamba. Tenera, mbegu mpya inayopandwa sasa mkoani, ina nyama nyingi na kifuu chembamba, kwa hiyo ukipata makapi ya tenera utakuwa na nyuzi nyingi na vifuu vichache.

Viwashio vitunze kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na jiko. Panya wanapenda harufu ya mawese. Mwanzoni niliviweka kwenye kikapu wazi, asubuhi nikakuta maganda matupu.