Chakula kikiwa kama chuma mdomoni wakati wa mionzi
Jamani mwenye mgonjwa anayepigwa mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo, akisema chakula hakina ladha au kina ladha ya chuma msimwone anadeka, mionzi inachubua vionjio vya ulimi na inakausha mate kwa hiyo hata pilau la sikukuu kwake ni makapi tu.

Kabla ya kula asukutue na maji ya uvuguvugu lita 1, chumvi kijiko 1 cha chai na bekingi soda kijiko 1 cha chai (sio bekingi pauda, dukani wanachanganya sana), ateme asimeze. Kijiko cha plastiki kinapunguza ule uchuma. Chakula kiwe laini na kimepoa, mimi naona uji wa karanga na maziwa unashinda vyote maana ukiwa mzito kidogo unateleza wenyewe, ukipenda ponda na parachichi, apewe kidogokidogo kila baada ya masaa 2 hivi hata kama hasikii njaa. Ndimu na pilipili weka pembeni kama kuna vidonda.

Mpimeni uzito kila wiki, ukishuka au akishindwa hata kumeza maji waambieni madaktari siku hiyohiyo, msingoje kliniki ijayo.