Asubuhi ya nyumbani inaanza jana yake jioni

Kama kwako kila asubuhi ni kelele, vaa viatu wewe, begi liko wapi, nani kachukua funguo, naomba nikwambie kitu ambacho mi kimenichukua miaka kukielewa. Tatizo sio asubuhi. Shida yenyewe ilishatokea jana yake usiku, pale kila mtu alipoenda kulala na vitu vyake vimezagaa huko vilikodondokea.

Kuna siku mwanangu wa kati alisimama mlangoni kiatu kimoja mguuni na kingine hakionekani, tumetafuta chini ya kitanda, nyuma ya makochi, bafuni, mpaka kwenye kapu la nguo chafu, na mi nafoka tu na yeye machozi yanamtoka kimyakimya hata hasemi neno. Kiatu kikapatikana ndani ya begi la michezo, alikiweka mwenyewe juzi yake akasahau. Tukatoka. Ila ile sura yake nilikaa nayo siku nzima, manake mtoto ameingia darasani ameshalia, na mi ndo nimemliza, kisa kiatu. Jioni ile ile tukaanza kubadilisha mambo, na hapa naeleza tunavyofanya, we chukua kinachokufaa.

Kabla hujapanga chochote, chunguza kwanza. Bandika karatasi mlangoni kwa siku 3 au 4 na kila mkichelewa andika kilichowachelewesha, na uandike kitu chenyewe, usiandike "watoto wazembe". Andika soksi, karatasi ya shule haijasainiwa, simu haina chaji, wawili wanagombania bafu. Kwetu yalikua mambo 5 tu yanayojirudia, nami nilidhani ni 50. Wengi wanaruka hapa wanakimbilia kununua makabati na vikapu vizuri vizuri, halafu fujo inahamia ndani ya vikapu.

Kisha kila kitu kinachotoka nje ya nyumba kipewe makao yake karibu na mlango. Funguo zina bakuli lao, viatu vinapangwa jozi kwa jozi, soksi safi inaingizwa ndani ya kiatu kabisa hiyo jioni, na mabegi yananing'inia ukutani. Kwenye mabegi nisikilize vizuri: misumari ya kutundikia ipigwe usawa wa bega la mtoto, sio usawa wa bega lako. Mi mwanzo niliipiga juu nikawa nalalamika kila siku kwamba mabegi yanatupwa sakafuni, kumbe wadogo hawafiki. Nilipoishusha, yale malalamiko yaliisha ndani ya wiki.

Sasa tuje kwenye maandalizi yenyewe, nusu saa kila jioni ya kupanga vitu vya kesho. Sisi tunaifanya mara tu baada ya kula, kabla tivii haijawashwa na kabla simu hazijashikwa, na huo mpangilio ni wa muhimu kuliko yote nitakayosema, kwa sababu mtoto akishazama kwenye katuni kumtoa pale ni ugomvi mwingine, na wewe mwenyewe ukishakaa kwenye kochi mwili unakataa. Tunaanza na mabegi. Kila mtu anafungua lake pale mezani anatoa kila kilichomo, na hapo ndo zinaonekana zile karatasi za kusaini, daftari lililojaa na ile taarifa ya mkutano wa wazazi iliyokaa humo siku nne. Unasaini hapo hapo, karatasi inarudi begini. Baada ya hapo nguo za kesho, kamili, mpaka ya ndani, mpaka mkanda, zinawekwa juu ya kiti. Mdogo kabisa mpe nguo mbili achague moja, basi, ukimfungulia kabati zima mtalala hapo. Mwisho simu zote zinaenda kuchajiwa sehemu moja nje ya vyumba vya kulala, na za wazazi zimo. Tena wazazi msijitoe, mtoto akiona baba naye anapanga viatu vyake huhitaji kumhubiria.

Kosa nililofanya muda mrefu ni kuwafanyia. Ni haraka kweli, dakika 10 umemaliza, ila kesho utafanya tena na keshokutwa tena. Wa miaka 3 au 4 anaweza kubeba viatu vyake mpaka mlangoni na anajisikia mkubwa akifanya hivo. Wa miaka 6 au 7 mchoree picha za vitu vyake, chupa, daftari, sweta, uzibandike juu ya begi aangalie mwenyewe. Akisahau kitu kidogo mwache akakikose siku moja, usikimbie kumpelekea. Vijana wakubwa wape jukumu zima kisha uache kuwachungulia kila dakika, mkumbushe mara moja inatosha.

Haya yote hayasaidii kama watu hawajalala. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 walisema watoto wa miaka 3 mpaka 5 wanahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa miaka 6 mpaka 12 saa 9 hadi 12, na vijana wa 13 mpaka 18 saa 8 hadi 10. Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 8 anayeamshwa saa 12 asubuhi, ukitaka apate saa 10, saa 2 usiku awe ameshasinzia, sio ndo anaanza kupiga mswaki. Yani nusu saa yenu lazima iwe imeisha kama saa 1 hivi. Mi nilipopiga hesabu hii niligundua mwanangu niliyekua namwita mgumu wa kuamka hakua mgumu, alikua hajashiba usingizi.

Na wewe mzazi unayelala kichwa kinazunguka, chukua dakika 5 kabla ya kulala uandike ya kesho kwenye karatasi, moja moja. Kuna utafiti wa Baylor University uliotoka 2018, walioandika mambo wanayotakiwa kufanya walipata usingizi haraka kuliko walioandika waliyokwisha kufanya, na kadri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyosinzia mapema. Kwa hiyo usiandike "shule", andika "kumuuliza mwalimu kuhusu ile daftari".

Kama una mwenza, mkubaliane siku ambayo hakuna aliyekasirika. Kuanzisha mjadala wa nani afanye nini saa 12 na nusu asubuhi mkiwa mmesimama mlangoni ni kutafuta maneno tu. Na aamke mmoja wenu dakika 20 kabla ya watoto, mnapokezana.

Itachukua muda, na hapa ndo wengi wanakata tamaa. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokua wanajijengea tabia mpya ndogo ndogo, wakakuta mpaka tabia ijiendeshe yenyewe ni wastani wa siku 66, ila kuna ambao makadirio yao ni siku 18 na wengine 254, tofauti ni kubwa hivo. Na kuruka siku moja hakukuharibu safari. Mkipitiwa Alhamisi mgeni kaja au mtu anaumwa, Ijumaa mnaendelea kama kawaida, hakuna kuitana kikao. Wala usianze na yote kwa mpigo. Leo jioni anza na viatu peke yake, wiki ijayo ongeza mabegi, nguo zifuate baadae.

Likizo sisi tunaacha kila kitu isipokua bakuli la funguo, watoto wapumzike kweli. Halafu siku kama 5 kabla shule hazijafunguliwa tunarudisha saa ya kulala taratibu, robo saa mapema kila usiku, na jioni ya mwisho tunafungua yale mabegi yaliyokaa mwezi mzima. Andaa kitambaa na maji ya sabuni, utavihitaji.