Namna ya Kurudisha Mradi wa Mabadiliko Kazini Baada ya Likizo ya Mwisho wa Mwaka

Mfano nitakaoutumia ni wa kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam, ambayo mwezi Oktoba ilianza kuhamisha kumbukumbu za stoo kutoka kwenye leja kwenda kwenye programu ya kompyuta, nami nikiwa mshauri wa mabadiliko hayo. Hadi katikati ya Desemba kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Ofisi ilipofunguliwa Januari, leja ilikuwa imerudi mezani na kompyuta imefunikwa kitambaa.

Hatua ya kwanza: Zunguka kabla ya kuitisha kikao

Siku ya kwanza usiitishe kikao wala usitume barua pepe ya kuwakumbusha watu malengo ya mradi. Nenda mahali kazi inapofanyika, salimia, ulizia safari na hali za nyumbani, kisha tazama mtu anashika nini mteja anapofika. Mtunza stoo, mzee aliyezitunza leja zile kwa zaidi ya miaka ishirini, aliitikia shikamoo yangu, kisha akanieleza bila kuzunguka: "Mwanangu, mashine yenu ilinikataa tarehe 27, na nje kulikuwa na magari matatu yanasubiri mzigo. Ulitaka niwaambie wateja wangoje mpaka urudi kutoka Moshi?" (Kwa wasioujua utani wa mjini, kila anayeondoka Dar es Salaam mwezi Desemba huambiwa amekwenda Moshi kuhesabiwa, hata kama kwao ni Tanga.)

Nilipofuatilia niligundua kwamba nywila yake ilikuwa imeisha muda, na mtu pekee mwenye ruhusa ya kuifungua alikuwa likizo. Leja ilirudi kwa sababu siku ile ndiyo iliyofanya kazi. Kwa hiyo andika mambo matatu kwa kila ulichokiona: nini kimerudi, tangu lini, na ni kitu gani kilichokirudisha. Neno "uzembe" liache nje ya daftari lako, kwa kuwa ukishaliandika hutatafuta sababu nyingine.

Hatua ya pili: Fungua vilivyofungika

Nywila, kifurushi cha intaneti kilichoisha, printa isiyo na wino: vyote vishughulikiwe kabla hujamwomba mtu yeyote arudi kwenye utaratibu mpya. Teua pia mtu wa pili mwenye uwezo wa kufungua nywila, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani.

Hatua ya tatu: Isome Januari jinsi ilivyo

Mpango uliochorwa Novemba kwa kawaida huihesabu Januari kama mwezi wenye wiki nne kamili za kazi, jambo ambalo kwa Tanzania si kweli. Januari 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi. Mhasibu ana kodi ya mishahara ya kuwasilisha ifikapo tarehe 7 na ritani ya VAT ya Desemba ifikapo tarehe 20. Na kwa kuwa sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, wapo walioziunganisha na Krismasi na hawataonekana hadi mwishoni mwa mwezi. Ongeza wazazi wanaohangaikia ada na sare za shule, na mshahara wa Desemba uliokwisha zamani. Mimi humwachia mhasibu nafasi hadi ipite tarehe 20, na mafunzo yoyote yanayohitaji watu wote nayasogeza Februari. Mkurugenzi atanung'unika, lakini ni afadhali anung'unike mwanzoni kuliko kumwahidi tarehe ambayo haiwezekani.

Hatua ya nne: Amua la kufanya na karatasi za nyuma

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Tulikuwa na hati 43 za kutolea mizigo ambazo hazikuwa zimeingizwa kwenye programu. Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) zilitolewa kama kawaida, kwa hiyo mauzo hayakuwa na pengo. Pengo lilikuwa la stoo tu. Pendekezo la kwanza lilikuwa mtunza stoo aziingize zote peke yake baada ya saa za kazi, nami nililipinga kwa sababu angeiona programu kama adhabu. La pili lilikuwa tuhesabu mali iliyopo na kurekebisha salio kwa mkupuo, njia nyepesi lakini ya hatari, kwa maana marekebisho ya namna hiyo huweza kufunika upotevu.

Tulichofanya ni kujumlisha hati zote kwa kikokotoo, bidhaa moja baada ya nyingine, kisha Jumamosi mchana, stoo ikiwa imefungwa, watu wawili wakahesabu mali na kulinganisha. Tofauti pekee ilikuwa katoni mbili za sabuni, ambazo hati yake iliandikwa mara mbili. Baada ya hapo kila bidhaa ikaingizwa kwa mstari mmoja wenye maelezo, na hati zikafungwa pamoja kwa ajili ya mkaguzi.

Hatua ya tano: Sasa fanya kikao, kiwe kifupi

Robo saa inatosha, watu wakiwa wamesimama stoo. Aliyekwamishwa ndiye aanze kueleza kilichotokea, nawe utaje kilichokwisha kutengenezwa. Mkubwa wa kazi ahudhurie, na umwombe faragha jambo moja: akitaka salio la bidhaa, alitazame kwenye programu, asimpigie simu mtunza stoo amsomee leja. Nimeona wakubwa wakiua mradi wao wenyewe kwa simu moja ya namna hiyo.

Hatua ya sita: Iache leja hadi ithibitike haihitajiki

Usiinyang'anye. Weka sharti linaloonekana kwa wote. Letu lilikuwa wiki mbili mfululizo za leja na programu kulingana kila jioni. Wiki ya kwanza zilipishana mara moja, tukaanza kuhesabu upya. Sharti lilipotimia mwezi Februari, mzee alichora mistari miwili myekundu chini ya ukurasa, akaandika tarehe, akasaini, akaifungia leja kwenye kabati ambalo ufunguo wake anautunza yeye.