Namna ya Kutunza Picha Ndogo ya Familia Takatifu Nyumbani

Picha ndogo inayomwonyesha Yusufu akipiga randa, Maria akishona na Mtoto Yesu akiokota vipande vya mbao huchapishwa ili itazamwe kwa karibu na wanaosali pamoja, kwa hiyo mahali pake si juu karibu na dari, bali usawa wa macho ya mtu aliyepiga magoti. Chagua ukuta wa ndani. Kuta za nje, katika mvua za Mtwara na Lindi ambazo kwa kawaida huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, hunyonya unyevu na kuleta kuvu, na jua la dirishani nalo hupausha rangi.

Kazi kubwa ni fremu. Mwombe fundi akate dirisha katika kadibodi isiyo na asidi, yenye unene wa milimita mbili hivi, na kuiweka kati ya picha na kioo, maana karatasi ikigusana na kioo chenye unyevu wino hunata, na kuubandua bila kuuharibu ni vigumu mno. Shikiza picha kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, upande wa juu tu, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Selotepu usiitumie kamwe, kwa kuwa gundi yake huacha doa la kahawia. Wala sishauri picha ya zamani ifungwe ndani ya plastiki ya kubandikwa kwa joto (laminesheni), kwani haitolewi tena.

Bandika vipande vidogo vya mbao nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na mshumaa uwekwe kando, moshi usifike.

Kabla ya kuifunga, andika kwa penseli laini, nyuma ya picha, jina la aliyeipokea na sababu yake, iwe komunyo ya kwanza au ndoa. Jambo hili naliona la lazima hasa kwa familia za Nyangao na Ndanda, ambako Wabenedikto walianza utume miaka mingi iliyopita (Ndanda mwaka 1906), kwa sababu picha ya bibi isiyo na maandishi hupoteza historia yake mara tu anayeikumbuka akifariki.

Dominika ya Familia Takatifu, baada ya Noeli, mvua zikiwa zimeanza, ishushe ukague njia za mchwa. Ukiona kuvu, ikaushe kivulini, kisha uifute nje ya nyumba kwa brashi laini kavu. Iliyobarikiwa ikiharibika kabisa, huchomwa au kuzikwa, haitupwi jalalani.