Mzigo Unapopungua: Namna ya Kuutumia Msimu wa Kukaa Nyumbani kwa Dereva wa Masafa Marefu

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Kolwezi, huko Kongo, hukaa nyumbani siku chache sana katika miezi ya mzigo mwingi, na siku hizo huishia usingizini, gereji, au kwenye kusubiri simu ya kwenda kupakia. Kisha hufika kipindi ambacho simu hailii. Gari linapaki yadi wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na dereva anajikuta ana siku nyingi na fedha kidogo. Nimeendesha njia hiyo kwa miaka 17, familia yangu ikiwa Morogoro, na katika miaka ya mwanzo kila msimu wa namna hiyo ulinikuta nimeduwaa kana kwamba ndio kwanza unatokea duniani. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya dereva aliyeajiriwa, hasa wa njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenzetu anayetoka Mombasa kwenda Malaba na Kampala.

Ujue msimu kabla haujafika

Upungufu wa mzigo una sababu zake, na baadhi yake huonekana mapema. Viwanda vya China hufungwa kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambayo huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, na kwa kuwa meli huchukua wiki kadhaa kufika, pengo la makontena hujitokeza bandarini karibu na Machi au Aprili, wakati ambao masika nayo imeshaanza. Kinyume chake, mbolea inayokwenda Zambia na Malawi inapaswa kumfikia mkulima kabla ya mvua za Novemba, na ndiyo maana kuanzia Julai hadi Oktoba kila tajiri, yaani mwenye magari, anatafuta gari la ziada. Weka daftari la tripu: tarehe ya kupakia, mzigo uliobeba, tarehe ya kushusha, mzigo wa kurudi na siku ulizokaa nyumbani. Ukilijaza kwa miaka miwili bila kuruka utaona miezi yako mibaya ni ipi, na utaacha kutegemea maneno ya kijiweni.

Yapo pia mapigo ambayo daftari haliwezi kuyatabiri. Mwaka 2016 huduma za mizigo inayopita Tanzania kwenda nchi jirani zilitozwa kodi ya ongezeko la thamani, wenye mizigo wakahamia bandari nyingine, na kodi hiyo ikaondolewa mwaka uliofuata. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache, na Februari 2025 Kongo ilisimamisha uuzaji wa madini ya kobalti nje ya nchi, jambo lililowagusa moja kwa moja waliotegemea mzigo wa kurudi. Kwa hiyo mzigo unaposimama, uliza kwanza kama ni msimu au ni biashara iliyohama. Usimuulize mtu mmoja. Muulize msimamizi wa yadi yenu, muulize wakala wa forodha unayemfahamu, kisha mpigie dereva wa kampuni nyingine anayebeba mzigo wa aina hiyohiyo. Ikiwa magari ya wenzenu yanapakia na ya kwenu yamesimama, tatizo si msimu, na hilo ni vyema ulijue katika wiki ya pili kuliko mwezi wa nne.

Fedha za msimu mbaya hutunzwa katika msimu mzuri

Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, na sababu yake ni jinsi tunavyolipwa. Dereva ana mshahara, ambao mara nyingi ni mdogo, na ana posho ya safari, ambayo hupewa kwa ajili ya chakula, maegesho na mahitaji ya njiani. Anachobakiza katika posho huwa ndicho kinachoendesha nyumba, na magari yakipiga tripu mfululizo masalio hayo huonekana kama kipato cha kudumu. Sicho. Gari likipaki, posho inakoma siku hiyohiyo, na unabaki na mshahara peke yake.

Kanuni ninayoifuata ni kupanga matumizi ya lazima ya nyumba, yaani kodi ya pango, chakula, umeme, maji na nauli za watoto, yaenee ndani ya mshahara, na masalio ya posho yaende kwenye ada, ujenzi na akiba. Tuseme mshahara ni shilingi 500,000 na nyumba inatumia 700,000 kwa mwezi: kila mwezi usio na tripu utakudai 200,000, na ikiwa daftari lako linaonyesha miezi miwili ya namna hiyo kwa mwaka, unahitaji kuwa na 400,000 kabla Machi haijaingia. Kiasi hicho hukifikii kwa kubana mara moja, bali kwa kutoa kidogo katika kila tripu, na kukitoa siku unayoshusha gari yadi, kabla hujapita popote. Kiweke mahali penye ugumu kidogo wa kukitoa, kama SACCOS au kikoba chenye viongozi mnaofahamiana, kwa sababu fedha iliyo kwenye simu hailali.

Kama msimu umeshafika na akiba hakuna, kaa na mwenzako usiku wa kwanza mliotulia na umwambie kiasi kilichopo, bila kuongeza wala kupunguza. Najua ugumu wa jambo hili. Wanaume wengi wa kazi yetu huona ni fedheha mke kujua kwamba mfuko umekauka, nao humwacha aendelee kununua kwa mazoea ya mwezi uliopita mpaka deni la dukani linapowaumbua wote wawili. Mama anayeendesha nyumba peke yake kwa wiki nne unapokuwa Kolwezi anajua kubana matumizi kuliko wewe. Anachokosa ni taarifa. Kaeni mbali na mikopo ya kausha damu, kwa kuwa marejesho yake ya kila siku au kila wiki hayalingani kabisa na kipato kinachokuja kwa tripu. Ni afadhali kwenda kwa mwenye nyumba au shuleni kuomba muda, na uende mapema, kabla hawajakutafuta wao.

Ukabidhi gari kwa maandishi

Usiondoke yadi kwa kutupa funguo mezani. Gari likikaa wiki sita, vitu hupotea, na dereva wa mwisho ndiye anayeulizwa. Zunguka gari ukiwa na msimamizi na karatasi mkononi: namba ya kila tairi, kuanzia kichwa hadi tela pamoja na spea, betri mbili na aina yake, kiwango cha mafuta kilichomo kwenye tangi, jeki, mtungi wa kuzimia moto, turubai, mikanda na minyororo ya kufungia mzigo. Wote wawili muweke saini na tarehe, kisha ipige picha karatasi hiyo kwa simu yako. Mimi niliwahi kukatwa mshahara kwa sababu ya tairi mbili zilizobadilishwa gari likiwa yadi na mimi nikiwa nyumbani, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba niliziacha zikiwa mpya. Kazi yote hiyo ingenichukua nusu saa.

Nendeni nyumbani, tutawaita

Maneno hayo hutamkwa kwa upole na hayaandikwi popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na mwajiri anaweza kuipanga iangukie wakati wa mzigo mdogo, jambo ambalo halina ubaya ikiwa mshahara unalipwa na barua ya likizo inatolewa. Kwa hiyo omba barua inayosema ni likizo, kuanzia lini hadi lini. Kama si likizo, omba maandishi yanayosema uko katika hali gani. Omba kwa adabu, kwa ujumbe wa simu ikibidi, ili ibaki alama.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya muda. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine ya kazi, kama mishahara isiyolipwa, muda wa kawaida ni siku 60. Nimewaona wenzangu waliokaa miezi mitatu wakisubiri kuitwa, wakaja kusikia gari lao limepewa dereva mwingine. Tumia pia siku hizi kufuatilia michango yako NSSF, mwezi kwa mwezi, maana pengo likigunduliwa mapema ni rahisi kulidai kuliko likigunduliwa uzeeni. Dereva wa deiwaka, asiye na mkataba wowote, hana kinga kubwa hapa, na kwake msimu huu ndio wa kutafuta tajiri anayeandikisha watu wake.

Siku za kwanza nyumbani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naupenda mpangilio huo, na naushauri ufuatwe kama ulivyo.

Siku mbili za kwanza ulale. Mwili uliozoea kusinzia kwa vipande kwenye kitanda cha kabini, huku sikio likimsikilizia mwizi wa mafuta, hauamini ukimya wa nyumbani. Utashtuka saa nane usiku ukitafuta usukani. Acha kabisa vinywaji vya kuongeza nguvu, punguza kahawa, usizibe usiku kwa pombe, na kila siku usogeze muda wa kulala uwe wa mapema kidogo hadi ulingane na wa familia. Mwenzako akikwambia kwamba unakoroma sana na wakati mwingine pumzi inakatika usingizini, usilichukulie kama utani, kwa kuwa hali hiyo humfanya mtu asinzie mchana hata kama amelala kwa muda wa saa nane, nayo inahitaji daktari.

Siku ya tatu ushike jembe, lakini jembe utakalopewa. Nyumba hii ina taratibu zake, zilizojengwa na aliyebaki. Nilipokuwa kijana nilikuwa naingia na kuanza kuhoji kwa nini watoto wanakula saa moja, kwa nini mlango wa nyuma unafungwa kwa komeo hili, nani aliruhusu kuku wahamishwe. Msimu mmoja wa masika nilimkemea binti yangu wa miaka minne kwa kumwaga uji. Hakulia. Alikwenda akasimama nyuma ya khanga ya mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, huyu anaondoka lini?" Tangu siku hiyo huwa namuuliza mama watoto kazi ipi inamchosha, naichukua hiyo, na naifanya kwa namna anayoifanya yeye. Kwetu ilikuwa ni kuwapeleka watoto shule alfajiri. Ni dakika 25 kwa miguu, na ndani yake nimejifunza majina ya marafiki zao, mwalimu wanayemwogopa, na hesabu zinazowashinda, mambo ambayo kwa simu kutoka Tunduma hakuna aliyewahi kuniambia. Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa pia, na umwachie namba yako, kwa kuwa shule nyingi zina namba ya mama peke yake.

Ukitaka kazi ya kipato, anza na ile inayovumilia kutokuwepo kwako. Katika Morogoro masika ni wakati wa mpunga, na eka moja ya kukodi inayosimamiwa na ndugu unayemwamini inaweza kuendelea hata ukiitwa safari katikati ya palizi. Sishauri kununua bodaboda na kumkabidhi mtu kwa haraka kwa sababu tu umekaa bila kazi, wala kuuchota mtaji wa genge la mama watoto kwa ahadi ya kuurudisha tripu ijayo.

Afya na nyaraka

Pima presha, sukari na macho. Kazi ya kukaa kitini saa nyingi, chipsi usiku na maji kidogo ili usisimame mara kwa mara huleta maradhi yasiyo na kelele, na presha iliyogunduliwa nyumbani huanzishiwa dawa kwa utulivu kuliko ile inayogunduliwa safarini, Kapiri Mposhi nchini Zambia. Pimeni na VVU, wewe na mwenzako, mkiwa pamoja. Njia zetu zinajulikana kwa hatari hiyo, na kimya hakijamlinda mtu yeyote.

Kisha toa nyaraka zote mezani: leseni, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo, tangu 2016, inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo ukiwa na kadi halali huhitaji kuirudia kila miaka 10. Leseni na pasipoti andika tarehe za mwisho ndani ya jalada la daftari la tripu. Mwenye nafasi na ada ajiandikishe kozi fupi katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA, hasa ya kubeba mizigo hatarishi, kwa sababu mafuta na kemikali za migodini hazifuati sikukuu za China.

Simu inapolia

Itakuja ghafla, mara nyingi jioni, na watataka ufike yadi alfajiri. Kama hujalala vya kutosha, sema utafika mchana. Gari lililosimama wiki sita linahitaji hata hivyo kukaguliwa breki, upepo wa matairi na betri kabla ya kwenda kupakia, na karatasi ya makabidhiano ulinganishe nayo hapohapo. Mwachie mama watoto fedha kwa kiasi mlichokubaliana, na umwambie tarehe unayokadiria kurudi, ukiongeza siku za foleni ya Tunduma na ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ili asianze kuhesabu kwamba umechelewa kabla ya wakati wake. Waage watoto wakiwa macho. Binti yangu sasa ana miaka 11, na yeye ndiye anayeiandika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, juu ya ndoo ya maji.