Usukani wa Land Cruiser ya zamani unacheza: skrubu ya boksi iguse mwisho

Nazungumzia Land Cruiser 70 za zamani, hasa HZJ75 yenye ekseli nzima na springi bapa mbele, kabla Toyota hawajahamia koili mwaka 1999. Corolla na wenzake wana reki badala ya boksi (kasha la gia za usukani), ila namna ya kutafuta ubovu haitofautiani sana.

Usukani ukianza kucheza, yaani unazunguka kidogo bila tairi kugeuka, wengi hukimbilia ile skrubu ya juu ya steringi boksi, inayokaza meno ya ndani. Iache kwanza.

1. Pima. Jaza matairi upepo sawasawa, gari likae tambarare, tairi zitazame mbele, injini iwe inawaka. Ukijaribu usukani wa pawa injini ikiwa imezimwa, utahisi mchezo ambao si ubovu. Bandika kipande cha tepu kwenye usukani, uzungushe taratibu, uone unakwenda umbali gani kabla tairi halijasogea. Mimi nikiona sentimita 3 kwenye ukingo, naingia chini.

2. Ingia chini, tairi zikiwa ardhini. Hendibreki juu, gia fri, kigingi mbele na nyuma ya tairi. Msaidizi atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, asikate kona. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiwe na haraka. Anza kwenye shafti ya usukani na krosi zake (viungo vinavyopinda), nenda kwenye boksi, mkono wa boksi, dragi linki (fimbo itokayo mkono wa boksi kwenda tairi), kisha tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) na endi zake, yaani viungo vya ncha zake. Kila kiungo kishike, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili. Macho hudanganywa na matope na mpira wa vumbi. Vidole vitasikia upande mmoja ukitangulia na mwingine ukingoja. Ukipata endi moja mbovu endelea, kwani mara nyingi ni mbili au tatu, na kila moja imechangia kidogo.

Usisahau kuweka mkono kati ya boksi na chesisi. Boksi likinyanyuka, bolti zimelegea au chesisi ina ufa. Futa grisi yote utazame kwa tochi. Ufa ukiwepo, gari lisitoke gereji.

3. Sasa piga jeki. Weka stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi za habu, ukibaki ni beringi za kingpini, pini ambazo tairi hugeukia likikata kona. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, rudi kwenye tairodi.

4. Boksi. Ikiwa shafti inayoingia inazunguka na mkono wa boksi unangoja, hapo skrubu ina haki yake. Chomoa dragi linki, weka boksi katikati kabisa, legeza nati ya kufungia, kaza kidogo mno, ujaribu tena. Meno ya boksi yametengenezwa yabane zaidi katikati, kwa hiyo ukikaza tairi zikiwa zimekata kona, ukirudi katikati litakwama. Niliwahi kuletewa gari lililokazwa hivyo: likimaliza kona usukani haurudi, dereva anauvuta kwa nguvu. Na endi ya dragi linki ilikuwa bado inacheza!

Viungo vyote vikiwa vizima na gari bado linayumba barabarani, tazama bushi za springi, sheko (viungio vya springi na chesisi) na yubolti (bolti za U zinazobana springi kwenye ekseli).

Unapobadilisha tairodi endi, hesabu mizunguko wakati wa kuifungua na ufunge mpya kwa idadi hiyohiyo, weka pini mpya ya kuzuia nati, halafu peleka gari alaimenti siku hiyohiyo.