Kuwaonyesha watoto namna mwili unavyosaga chakula

Wanafunzi wanaofundishwa mmeng'enyo wa chakula kwa mchoro wa ubaoni pekee hukariri majina ya viungo kuanzia kinywani hadi mwisho wa utumbo, lakini wengi wao hawawezi kueleza chakula kinafanywa nini katika kila kituo. Maonyesho yafuatayo yanahitaji vitu vya jikoni tu, na yanahusu upande mmoja wa kazi hiyo, yaani kukata, kusaga, kusukuma na kuchanganya. Kazi ya kemikali ifundishwe siku nyingine, kwa sababu mambo hayo mawili yakichanganywa mapema mtoto huondoka akiamini kwamba meno hugeuza wanga kuwa sukari.

Anza na muhogo uliochemshwa ukapoa, kisu na rula. Kata mchemraba wenye upande wa sentimita 2, kisha watoto wakokotoe eneo la nyuso zake zote sita, ambalo ni sentimita za mraba 24. Ukiugawa kuwa vipande 8 vyenye upande wa sentimita 1, muhogo haukuongezeka hata chembe, lakini eneo limefika 48. Na ukivigawa tena kuwa vipande 64 vya nusu sentimita, limefika 96. Vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunjavunja chakula, hufanya kazi pale vinapokigusa, kwa hiyo kusaga ni kuviongezea mahali pa kugusa. Usiendelee mpaka hesabu hii ieleweke, kwa kuwa yote yanayofuata yanaitegemea.

Kisha mpe kila mtoto kipande cha karoti, akitafune polepole huku akiangalia jino lipi linafanya nini: meno ya mbele hukata, chonge huchana, magego husaga, na ulimi hurudisha vipande chini ya magego kila vinapotoroka. Kabla ya kumeza, ateme kidogo kwenye sahani, jambo ambalo si adabu mezani lakini kwa somo hili linaruhusiwa. Ataona kwamba mate yameyashikisha makombo yakawa tonge moja laini linaloweza kuteleza.

Umio, wenye urefu wa takribani sentimita 25 kwa mtu mzima, unaweza kuonyeshwa kwa soksi ndefu iliyokatwa ncha na limau dogo lililotiwa ndani yake. Bana soksi nyuma ya limau, si juu yake, nalo litasogea mbele. Halafu geuza soksi ili limau lipande juu, na watoto wataelewa kwa nini mtu aliyeinama kunywa maji mtoni humeza bila shida: misuli ndiyo inayosukuma, tonge haliporomoki tu kwa uzito wake.

Kwa tumbo, hakuna kifaa kizuri kuliko firigisi ya kuku wa kienyeji, na ningependa kila mwalimu aitafute hata kama itamgharimu safari ya sokoni. Ipasue kwa urefu kabla haijasafishwa. Watoto wataona nyama nene ngumu kila upande, ngozi ya manjano yenye mikunjo ambayo mpishi huimenya, na ndani yake punje zilizosagika nusu pamoja na vijiwe. Kuku hana meno, kwa hiyo humeza mawe, na misuli hiyo huyatumia kama jiwe la kusagia. Sisi hatuna vijiwe tumboni, ndiyo maana kazi ngumu hufanyika kinywani. Hata hivyo ukuta wa tumbo letu una matabaka matatu ya misuli, moja la kuzunguka, moja la urefu na moja la mshazari, yanayokikamua chakula kwa mawimbi yapatayo matatu kila dakika. Kila wimbi hukisukuma chakula kuelekea mlango wa kutokea, ambao hupitisha uji tu pamoja na chembe ndogo, nyingi zikiwa chini ya milimita 2, na vipande vikubwa hurudishwa nyuma kukamuliwa tena. Mkinawa mikono kwa sabuni, firigisi inaweza kwenda kupikwa.

Mafuta yanahitaji onyesho lake. Tia kijiko cha mafuta ya kupikia katika glasi ya maji, koroga, uone yanavyoelea tena. Kisha ongeza tone la sabuni ya vyombo na ukoroge, nayo yatatawanyika kuwa vitone vidogo mno. Nyongo hufanya vivyo hivyo mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Utumbo huo husukuma kama umio, lakini pia huchanganya. Tia uji mzito katika soksi iliyofungwa ncha zote mbili, uibane sehemu mbili, uachie, kisha ubane katikati ya sehemu zile za kwanza. Uji utakwenda na kurudi bila kusafiri. Hapo mtoto mmoja hakosi kuuliza kwa nini punje ya hindi hutoka nzima chooni. Ganda la punje hiyo halivunjwi na vimeng'enya vyetu, na gego halikulipasua, kwa hiyo wanga ulio ndani ulipita njia yote bila kuguswa.